Wadau wa Dar, madogo wa form two mtaani kwetu wanakunywa mchana kweupe, tuanzie wapi?

MamaKikoba_TMK

Habari zenu wadau. Mi naishi Temeke upande wa Tandika, nina watoto wawili na namlea pia mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 15, yuko form two. Juzi Jumatano nafua sare zake nikakuta kwenye mfuko wa suruali kifuniko cha vile vichupa vidogo vya pombe kali pamoja na karatasi ya kusokotea imekunjwakunjwa. Nilikaa pale pale kwenye kigoda mikono imejaa mapovu hata kuinuka nikashindwa. Aliporudi nikamuuliza akasema ni vya rafiki yake. Sikumpiga, ila nilimwambia maneno ambayo mpaka sasahivi najuta, nilimwambia unataka kuwa teja kama wale wa stendi. Tangu siku hiyo haongei na mimi, anakula anaenda kulala.

Nikawaeleza wamama wenzangu wa kikoba, kumbe siko peke yangu, tupo wanne wenye tatizo hilo hilo na kila mmoja alikuwa anajificha na aibu yake. Kuna pagala nyuma ya mtaa wetu, ikifika saa nane mchana madogo wanaingia na sare zao wanatoka jioni macho mekundu. Tumemuomba mwenyekiti wa serikali ya mtaa atuitie kikao Jumamosi. Nusu ya watu wanataka polisi waje wafanye msako, nusu wanasema tufanye bonanza. Bonanza tulishafanya mwaka jana, fulana zikagawiwa, mpira ukachezwa, afu jioni ile ile timu iliyoshinda ikasherehekea kwa bia na madogo wamekaa pembeni wanapewa za kuonja.

Naombeni ushauri kwa waliowahi kufanya kitu mtaani kwao kikazaa matunda. Kikao cha hotuba tu hatutaki tena.

Kamanda_wa_Kitaa

Pole sana dada. Kwa maoni yangu hapo hamna cha kujadili, pigeni 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ni bure, mseme pagala liko wapi na nani anapeleka mzigo. Mkiwachekea leo kesho wanawavunjia nyumba. Na hao madogo walale ndani hata siku mbili watie akili.

Mangi_wa_Kona

Mi nina duka la rejareja mwaka wa kumi na moja huu, naomba niseme ukweli hata kama watu watanichukia. Hamna mtu anaona nani ananunua kuliko sisi wenye maduka. Wakati wa viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, mtoto alikuwa anakitia kwenye soksi anaingia nacho darasani, serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017 tulipumua kidogo, ila vikaja hivi vichupa vya plastiki na hali ikaanza kurudi kule kule. Lakini tatizo kubwa dukani kwangu ni wazazi, watoto wanafuata tu. Mtoto wa miaka kumi anakuja na chupa tupu anasema baba kanituma bia mbili baridi na sigara tatu. Siku ya kwanza anapeleka yote, siku ya tano anaonja njiani, akifika form one anakuja mwenyewe na mimi muuzaji najuaje kama katumwa au kajituma?

Mwaka juzi niliamua sitoi kwa mtoto hata aje na barua. Wiki ya kwanza baba mmoja alikuja kunitukana mbele ya wateja eti namdhalilisha. Nikamjibu mzee wangu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe wala sigara, na mtoto ni yeyote ambaye hajafika 18, nikikamatwa hautakuwepo. Akahamia duka la pili, huko akapewa. Hapo ndo nilipoelewa kwamba duka moja likikataa ni kazi bure, labda mtaa mzima tukatae siku moja. Kwa hiyo kwenye kikao chenu waiteni wenye maduka, wa grosari na mama muuza pombe ya kienyeji, muwaite kwa heshima, msiwaite kama washtakiwa. Na wazazi waahidi mbele ya wote kwamba hawatatuma mtoto tena. Mi ningesaini hata leo.

Mzima_wa_Dozi

Nimesoma nikashindwa kupita bila kuandika. Mimi ni mmoja wa hao mateja mnaowasema. Nina miaka 34, natumia methadone, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga yaani heroini, kila asubuhi naenda kunywa dozi mbele ya nesi na nimeshakaa miaka sita sijagusa unga. Namshukuru Mungu na wale waliopigania hiyo huduma ianze Muhimbili 2011 ikaja na Mwananyamala na Temeke, bila hivyo ningekuwa kaburini.

Nilianza na miaka 14 na nilianza hivyo hivyo, pombe kwanza, afu bangi, kwenye banda moja Keko ambalo fundi alikuwa ameliacha. Siku moja kaka mmoja mkubwa akasokota akatupatia, tulijua ni bangi tu kama siku zote, kumbe ilikuwa kokteli, amechanganya na unga. Wala hakutuambia. Tulivuta wiki nzima bure. Siku aliyosema leo leteni hela ndo siku nilijua nini kimenipata, maana niliamka mwili wote unauma kama nimepigwa rungu, makamasi yanatoka, tumbo linaniendesha, nikadhani malaria. Ilikuwa arosto, yale maumivu ya mwili ukikosa unga. Nikaiba pasi ya umeme ya mama nikaenda kuiuza.

Sasa kuhusu msako, kaka Kamanda naelewa hasira yako, mi mwenyewe mdogo wangu wa mwisho akiguswa nitapandwa hivyo hivyo. Anayeleta mzigo mripotini, tena bila huruma. Ila mtoto mwenye karatasi mfukoni ukimuweka selo unampeleka kukaa na watu kama nilivyokuwa mimi. Nilikamatwa mara ya kwanza nina 16, nilitoka na marafiki wapya wanne, na wawili kati yao ndo walionionesha pa kununua kete usiku.

Dada, kitu ambacho hakuna mtu alinifanyia ni kuniuliza bila kelele. Mama alijua, majirani walijua, kila mtu akawa ananipita pembeni anashika pochi. Huyo mtoto bado anakula nyumbani kwako na bado analala kwako, hapo una nafasi kubwa sana. Muombe msamaha kwa lile neno teja. Najua mtu mzima kumuomba mtoto msamaha ni ngumu kwetu lakini muombe, mkiwa wawili tu, usiite wajomba. Afu muulize huwa anapewa na nani, asipojibu usimkabe, rudi kesho yake.

Mwl_Hesabu

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa hapa Dar. Nakazia ya mzima wa dozi na kuongeza ya saa. Dada umeandika wanaingia pagalani saa nane, sasa jiulizeni kuanzia saa nane mpaka Magharibi hao watoto wako chini ya nani? Shule imewaachia, mzazi yuko Kariakoo au kwenye foleni ya Mbagala. Na shimo kubwa zaidi ni form four, wanamaliza mtihani Novemba, matokeo Januari, form five wanaanza Julai, miezi zaidi ya nusu mwaka kijana wa miaka 17 anaambiwa kaa nyumbani subiri. Wanafunzi wangu wengi niliowapoteza niliwapotezea humo.

Kuna nchi inaitwa Isilandi, mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita, mwaka 2016 ikawa asilimia 5. Walifanya vitu vya kawaida tu ila walivifanya pamoja na hawakuchoka, wazazi wa shule moja wakawekeana ahadi za maandishi, wa miaka 13 mpaka 16 msimu wa baridi mwisho wa kuwa nje saa nne usiku, wazazi wenyewe wakawa wanatembea mitaani usiku kwa zamu, na mji mkuu Reykjavik ukawa unachangia ada ya michezo na muziki kwa kila mtoto. Hela za kwao hatuna, lakini zamu ya wazazi inahitaji hela gani? Kikoba mko wangapi?

Kingine, methadone ni kwa waliozama kwenye unga, kwa pombe na bangi mtafute afisa ustawi wa jamii au kliniki ya afya ya akili hospitali ya wilaya. Na watoto wenyewe wana 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, iandikeni ukutani.

MamaKikoba_TMK

Nimesoma zote na machozi, asanteni sana. Kikoba tuko 22. Nimeshaongea na wenye maduka watatu, wawili wamekubali kuja Jumamosi, wa tatu anasema atakuja kama na wa grosari atakuja, kwa hiyo leo jioni naenda grosari. Mwenye pagala yuko Kibaha, mwenyekiti kampigia, kasema tuzibe madirisha na tuweke mlango, atarudisha gharama. Zamu tumepanga wawili wawili kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili, wanaouza vitumbua na chapati asubuhi ndo wameomba wawe wa kwanza maana mchana wanakuwa wamemaliza biashara.

Kuhusu kijana wangu. Jana usiku nilimfuata akiwa anapiga pasi shati nikamwambia mwanangu nisamehe kwa lile neno. Hakusema kitu. Akamaliza kola, akageuza, akapiga pasi mkono mmoja, ndo akaniuliza, mama mdogo, na mama angekuwepo ungemwambia? Sikujua nijibu nini. Mzima wa dozi kaka yangu, hapo nifanyeje?

Mzima_wa_Dozi

Amekuuliza swali dada, maana yake ameanza kuongea. Leo usiku rudi tena, kaa naye tu, hata kama ni kukunja nguo. Na Jumamosi kama mtaniruhusu nitakuja kikaoni, natoka kwenye dozi saa tatu.