Kadi gani ilibadilisha namna unavyojenga fungu? Tupeane uzoefu

MtunzaFungu

Wakuu, salaam.

Maswali ya "fungu gani kali" hayaishi, na majibu yake huwa orodha tupu za majina ya kadi. Orodha hainisaidii, hasa kwenye Slay the Spire, ambako huingii na fungu lako (kadi zako zote) mfukoni. Unapewa kadi chache dhaifu na unajenga huku unapanda mnara. Nataka visa: kadi moja, hirizi moja (kifaa unachobeba safari nzima) au adui mmoja aliyekufanya uanze kuchagua tofauti. Gemu yoyote ya kadi ruksa, mradi ueleze sababu.

Naanza mwenyewe. Mimi ni mtu wa Ironclad, mmoja wa wahusika wa Slay the Spire. Anaanza na kadi 10: Strike 5, Defend 4, Bash 1. Bash inakula nishati 2 kati ya 3 ulizonazo, inapiga 8, halafu kwa zamu 2 adui anaumia kwa nusu zaidi. Kila zamu unavuta kadi 5, kwa hiyo mwanzoni Bash lazima ikujie ndani ya kila zamu mbili. Baada ya pambano unaletewa kadi 3 uchukue moja, au uziache zote. Sasa piga hesabu: fungu likifika kadi 30, Bash ileile unaiona mara moja katika zamu 6. Mapambano mengi ya kawaida yanakuwa yameisha kabla haijatokea.

Kadi iliyonigeuza ni Barricade. Kwa kawaida kinga yako inafutika zamu yako inapoanza; Barricade inaizuia isifutike. Ukiwa na Entrench unaizidisha kinga mara mbili, na Body Slam inapiga sawasawa na kinga uliyonayo. Kinga 40, Entrench, 80, Body Slam, kwaheri. Ila hizo ni kadi tatu tofauti na lazima zikutane. Kwenye fungu la 15 zinakutana zenyewe. Kwenye la 35 unasubiri moja huku nyingine inazunguka kwenye rundo. Nikishaipata Barricade, kila kadi mpya naiuliza: nikiivuta hii badala ya Entrench, nitafurahi? Mara nyingi jibu ni hapana, naiacha.

ChukuaTu

Mkuu, nakupinga nusu. Kuacha kadi ni anasa ya baadaye. Awamu ya kwanza ukijifanya mchaguzi, Gremlin Nob atakukusanya.

Kwa wasiomjua: zamu yake ya kwanza anapiga kelele tu, hakushambulii. Baada ya hapo kila kadi ya aina ya Skill unayocheza inamwongezea nguvu 2. Na Defend ni Skill! Yaani kila unapojikinga ndivyo unavyomlisha. Ukifika kwake na fungu lako la "subiri Barricade", ambayo kwanza inagharimu nishati 3, zamu yako nzima imekwenda na yeye ndiyo kwanza anapasha misuli.

Kwa hiyo mimi awamu ya kwanza nachukua chochote kinachopiga. Pommel Strike, Twin Strike, hata kadi ambayo najua awamu ya tatu itanichefua. Nahitaji kuua haraka ghorofa zile za chini, maana kuua haraka ndiyo kinga ya kweli pale. Takataka nitaitoa dukani. Kutoa kadi kunaanzia dhahabu 75 na kila ukitoa bei inapanda 25, kwa hiyo pia siyo bure, lakini heri nilipe nikiwa hai.

Kingine: bosi anaonekana juu ya ramani tangu unaanza. Nikiona Slime Boss, najua atapasuka vipande viwili akifika nusu ya uhai wake wa 140, na kila kipande kinabaki na uhai uleule aliokuwa nao wakati anapasuka. Hapo natafuta kadi moja nzito. Namshusha polepole mpaka 75 hivi, kisha nampa pigo kubwa kwa mpigo mmoja, vipande vinatoka vikiwa hoi. Mwenye vijikadi vidogovidogo tu anapasua akiwa na 69, halafu anapigana na wawili wenye 69 kila mmoja.

MtunzaFungu

Hapo kwenye Nob umenena. Barricade yenyewe ni ya aina ya Power, siyo Skill, haimwongezei kitu, ila hoja yako ya nishati 3 siwezi kuibishia.

Kimya_Kimya

Mimi sina kisa, nimekuja kusoma. Ila mnaowaza fungu dogo muda wote, mmeshawahi kupewa Snecko Eye?

DadaWaMnara

@Kimya_Kimya umenigusa palepale, hirizi hiyo ndiyo kisa changu.

Snecko Eye unaipata kwa bosi. Inakuvutisha kadi 2 zaidi kila zamu, lakini kila kadi unayoivuta gharama yake inabadilishwa ovyo, kuanzia 0 hadi 3. Watu wanaiogopa kwa sababu inavuruga. Mimi naipenda kuliko karibu zote, kwa sababu inapindua thamani ya kila kitu ulichonacho. Kadi ya nishati 0 uliyoitunza kama mboni ya jicho sasa ni hasara, kwa sababu haiwezi kushuka zaidi, inaweza kupanda tu. Kadi ya nishati 3 uliyokuwa unaikwepa sasa ni dili: haiwezi kupanda, na mara moja kati ya nne itakuja bure.

Basi ukishaichukua, kanuni ya awamu ya kwanza inakufa siku hiyohiyo. Nilikuwa na Demon Form, inayokupa nguvu 2 kila zamu, nikiitazama kama mgeni aliyefika wakati mbaya. Bila hirizi ile, kuicheza ni kutoa zamu nzima huku unapigwa. Ikaja kwa 1. Zamu hiyohiyo nikajikinga na kushambulia. Tangu hapo ninapokuwa na Snecko Eye nachukua kadi nzito tu, na fungu kuwa nene hakunisumbui, maana navuta 7.

Kwa hiyo, kaka MtunzaFungu, swali lako la "nitafurahi nikiivuta?" ni zuri, lakini jibu lake linategemea umevaa nini.

Ngiri_wa_Mnara

Samahani kwa kuingilia na gemu nyingine. Sisi wa Clash Royale hatuna shida ya unene, fungu ni kadi 8 basi. Nne mkononi, nne kwenye foleni, na kadi uliyoicheza inarudi baada ya kucheza nyingine nne. Foleni haibadiliki, kwa hiyo kinachojengwa kwetu ni mwendo.

Kisa changu ni fungu maarufu la 2.6: Hog Rider, Musketeer, Fireball (eliksa, yaani nishati yetu, 4 kila moja), Cannon 3, Ice Golem 2, The Log 2, Skeletons 1, Ice Spirit 1. Jumla 21, gawa kwa 8. Nilikuwa nadharau Skeletons na Ice Spirit, vitu vya eliksa 1 ambavyo upepo tu unaviua. Halafu nikaelewa kazi yake. Hog anakimbilia majengo, na mpinzani mwenye Cannon anamzuia kirahisi. Lakini akishaiweka, anatakiwa acheze kadi nne ndipo irudi. Mimi kadi zangu nne za bei rahisi zinagharimu eliksa 6 jumla. Nazimwaga kwa kujilinda, Hog yuko mkononi tena, yeye Cannon yake bado iko nyuma. Yale mafungu ya majitu ya eliksa 7 na 8 sitaki hata kuyasikia.

ChukuaTu

Majitu yana raha yake bwana, wacha wivu.

Mzee_wa_Strike

Mimi nitetee kadi inayodharauliwa: Perfected Strike.

Kila mwongozo unasema kimbilia dukani utoe Strike. Sawa. Lakini Perfected Strike, kwa nishati 2, inapiga 6 na kuongeza 2 kwa kila kadi yenye neno Strike kwenye fungu lako, yenyewe ikiwemo. Ukiwa bado na Strike zako 5 ni 6 jumlisha 12, unapiga 18 tangu ghorofa za kwanza. Ongeza Pommel Strike na Twin Strike, 22. Anayeanza na Bash peke yake anapiga 8 kwa gharama hiyohiyo. Nob anakutana na 22 na hana Skill ya kulalamikia.

Nikiipata mapema sitoi Strike hata moja awamu ya kwanza. Dhahabu naiweka kwa hirizi. Awamu ya pili inaanza kuchoka, ndipo nabadilisha. Walioishusha thamani wanaipima kwa mwisho wa safari, wakati kazi yake ni mwanzo.

Kobe_Dominion

Wazo la kupunguza ndilo linaloiendesha Dominion ya 2008, ambayo wengi tunaicheza mtandaoni. Unaanza na kadi 10, Copper 7 na Estate 3, unavuta 5. Kadi inayoitwa Chapel inanunuliwa kwa 2 tu, na kazi yake pekee ni kukuruhusu kutupa hadi kadi 4 moja kwa moja. Haipigi, haileti pesa, haikupi kitu. Ikiwepo mezani naishika mapema kabla ya chochote kinachong'aa.

Ladha yake iko hapa: kadi za alama ndizo zinazokupa ushindi, na zikiwa mkononi hazifanyi lolote. Province ni alama 6, inagharimu 8, na kila unayonunua inalifanya fungu lako liwe zito. Ukianza mapema unakwama, ukichelewa mwenzako amezimaliza. Slay the Spire haina mtego huo, na ndiyo maana mimi naona ni gemu rahisi zaidi. Mnipige mawe.

DadaWaMnara

Panda mpaka Ascension 20, ugumu wa juu kabisa, halafu urudi hapa useme rahisi.

Kimya_Kimya

Jamani nina shida ya papo hapo. Nina Silent (mhusika mwingine wa Slay the Spire), fungu la Shiv, vile vijikadi vya visu: Blade Dance kadhaa, Accuracy mbili, nafasi ya kujipumzisha nimeshaitumia. Ramani inaonyesha bosi Time Eater. Nimekwisha?

DadaWaMnara

Hujaisha, dada au kaka, ila usicheze kama ulivyozoea. Ukicheza kadi 12 anaifunga zamu yako na kujiongezea nguvu 2, na kila Shiv ni kadi. Blade Dance moja na Shiv zake tatu ni nne tayari. Hesabu haianzi upya kila zamu, inaendelea. Kwa hiyo usiache zamu ikiwa 11, maana inayofuata utacheza kadi moja tu. Ama ya 12 iwe ndiyo ya mwisho uliyokusudia, ukiwa umeshajikinga, ama simama kwenye 7 au 8.

Cheza Accuracy mapema, zote mbili. Shiv kutoka 4 inakuwa 12, ndipo kila kadi inalipa nafasi yake kwenye hesabu.

ChukuaTu

Na akishuka chini ya nusu ana zamu ya kujirudisha hadi nusu na kufuta mabaya yote uliyomwekea. Kama una sumu, usiimwage yote akiwa karibu na nusu. Subiri ajisafishe kwanza.

Kimya_Kimya

Nina Catalyst moja kumbe, ile ya kuzidisha sumu. Naingia.