Nina kromosomu 45 badala ya 46 na mi mzima kabisa, inawezekanaje?

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni, nipo Kigoma hapa Mwanga. Mimi na wife mimba zinatoka tu, zote kabla ya miezi mitatu, na nyumbani washaanza maneno, bi mkubwa anasema nimeoa tumbo bovu. Daktari akashauri tupimwe kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, wote wawili, damu ikasafirishwa, sasa majibu yamerudi wife yupo freshi, wa 45 ni mimi, wameandika 13 na 14 zimeungana. Mi sijawahi hata kulazwa, mpira nacheza, bandarini nabeba mizigo kama kawa. Kromosomu nzima inapoteaje halafu mtu yupo fiti? Au wamechanganya damu?

Mgebuka Mkavu:
Shuka Ujiji ukaonane na wazee mkuu, hayo ya damu waachie wazungu

Fundi Maabara:
Achana na huyo hapo juu. Hakuna kilichopotea. Chukulia treni yetu ya reli ya kati, mabehewa mawili yameungwa yakawa moja refu, ukihesabu utasema behewa limepungua ila abiria wote wamo. Hizo 13 na 14 zina vikono vifupi ambavyo havibebi kitu cha maana, vikidondoka wakati zinaungana mwili hausikii chochote. Kazi inakuja kwenye kutengeneza mbegu, maana pale kila kitu inabidi kigawanywe nusu kwa nusu, sasa lile refu likienda upande usio wake mbegu inazidisha au inapunguza, na mimba ya hivyo mara nyingi haifiki mbali. Mbegu nyingine zinakuwa sawa kabisa na nyingine zinakuwa kama wewe, yaani mtoto mzima tu.

Watu wa aina yako ni kama 1 kwa kila 1,000, na hiyo ya 13 na 14 ndo inayoongoza, wengi wanazeeka bila kujua. Na sio nyie tu, kuna wanaume wa XXY, yaani wana X moja ya ziada, hao wanakaribia 1 kwa 600, anakuja kujua siku anatafuta mtoto hapati.

Kuchanganya damu sikatai inaweza kutokea popote, rudieni kama roho haitulii. Ila muwe makini, kipimo hiki kinataka seli hai, chupa ya kifuniko cha kijani, isigandishwe, maana wanazikuza kama siku tatu ndo wanazisimamisha na kuzipaka rangi, Giemsa hiyohiyo ya slaidi za malaria.

Mama Wawili Tabora:
Pole kaka. Shemeji yangu huku alikuwa hivyohivyo na sasa ana watoto, hakupewa dawa yoyote waliendelea kujaribu tu. Ila wife naye achekiwe kizazi na sukari, mtu anaweza kuwa na sababu mbili. Na hayo maneno ya tumbo bovu yakome jamani, kipimo si kimeshasema

Mleta mada:
Asanteni sana, nimepumua. Mdogo wangu anaoa mwezi wa 12 naye nitamwambia akapime. Bi mkubwa ndo sijui namwanzaje

Fundi Maabara:
Mwanze taratibu tu, muulize kama na yeye mimba ziliwahi kumtoka kabla yako. Hiyo ya 13 na 14 mara nyingi mtu karithi, kama sio kwa mzee basi ni kwake