Seti ikiisha watu, ufunguo ufutwe au ubaki?

Wanaprogramu wenzangu wa Lamu, hebu tulijadili hili waziwazi. Redis, hifadhidata aliyoitoa Salvatore Sanfilippo mwaka 2009, huhifadhi kila kitu chini ya jina liitwalo ufunguo. Kanuni yake ni hii: ukiondoa kitu cha mwisho kwenye orodha, seti (mkusanyiko usio na marudio) au heshi (jozi za jina na thamani), ufunguo wenyewe unafutika. Ukiuliza idadi ya waliomo kwa amri ya SCARD unajibiwa 0, na kwa ufunguo ambao haujawahi kuwepo jibu ni hilohilo 0. Mimi naipinga.

Chukueni boti za Mokowe kuja Lamu. Kila safari ina seti ya abiria waliokata tiketi. Wa mwisho akighairi, amri ya kuondoa, SREM, inamtoa na seti inatoweka. Aliyeko jetini akifungua simu haambiwi kama boti ipo ila haina mtu, au safari haikupangwa kabisa. Kibaya zaidi ni muda wa kuisha, yaani muda ambao ukipita ufunguo hujifuta. Tuliuweka kwa EXPIRE, nao umekwenda na ufunguo. Abiria mwingine akiingizwa kwa SADD, amri ya kuongeza, seti mpya haina muda, TTL, amri ya kuuliza muda uliobaki, inajibu -1, yaani hakuna muda uliowekwa, na majina ya safari iliyopita yanabaki kwenye kumbukumbu ya seva mpaka mtu ayafute kwa mkono.

Mchangiaji, Shela: Kaka, unaitwika Redis mzigo usio wake. Kuwepo kwa safari ni habari nyingine kabisa. Iandikie heshi yake, yenye saa ya kuondoka na jina la nahodha, seti ibaki ya abiria tu. Tena bila kanuni hiyo, foleni zote zilizokwisha kazi zingebaki tupu, nani angezifagia?

Mwanzilishi: Heshi nakubali. Lakini mbona Redis yenyewe imeiacha kanuni hiyo kwenye strimu, yaani mifululizo ya ujumbe? Zilikuja na toleo la 5.0 mwaka 2018, na hubaki hata zikiwa tupu. Zingefutika, vikundi vya wasomaji na kitambulisho cha ujumbe wa mwisho vingepotea. Kumbe utupu nao una habari ya kutunzwa! Seti ya abiria imekosa nini?

Mchangiaji, Matondoni: Kuhusu muda wa kuisha, kaka, dawa ipo: SADD na EXPIRE ziende pamoja ndani ya MULTI, amri ya kufunga amri kadhaa zitekelezwe kwa mkupuo. Kuanzia toleo la 7.0 ongeza neno NX kwenye EXPIRE, muda utawekwa pale tu ambapo haupo.

Mwanzilishi: Dawa nzuri, dada, na nitaitumia. Ila kila programu inayogusa seti ile lazima ikumbuke kufanya hivyo, na ya ofisini na ya jetini hazikuandikwa na mtu mmoja. Bado nataka tuweze kuiambia hifadhidata: seti hii isifutwe hata ikiwa tupu.