Goti linauma upande wa nje kila nikikimbia, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, najiandaa na Kilimanjaro Marathon ile ya kilomita 21 ila goti la kulia linanisumbua upande wa nje. Nikianza niko poa kabisa, nikifika kama kilomita ya tano linaanza kuchoma, nikishuka mlima ndo balaa, hata ngazi nashuka kiubavu ubavu. Nikipumzika linapoa, nikirudi barabarani yaleyale.

Eksirei haikuonyesha kitu nikapewa diklofenaki (dawa ya maumivu) basi. Fizio mmoja (mtaalamu wa tiba ya viungo na misuli) ndo kanambia ni ule mkanda mgumu unaoshuka pembeni ya paja toka nyonga mpaka chini ya goti, unagandamiza pale pembeni goti likikunjwa kidogo tu kama nyuzi 30, na eti misuli ya makalio yangu ni dhaifu, kanipa zoezi la kulala ubavu unanyanyua mguu wa juu, na nipunguze kilomita.

Sasa mliopona hii kitu ilichukua muda gani? Na lile roli la povu la kusugulia paja linasaidia kweli, maana mi naona linaniliza tu? Fizio wa wanamichezo Moshi au Arusha anachaji bei gani kwa mara moja?