Mafundi wa Dar, acheni kuvua tamino ya betri gari likiwa linanguruma!

Wakuu, nina hasira na sitazunguka. Huu mtindo wa kufungua tamino ya betri (kile kichwa cha waya kinachobana nguzo ya betri) injini ikiwa inanguruma, eti ndiyo kupima altaneta, kifaa kinachozalisha umeme wa gari na kuchaji betri, ukome. Unaharibu magari ya watu na unawanunulisha vifaa ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Gari langu ni IST. Taa ya betri ilianza kupepesa nikiwasha AC kwenye foleni ya Buguruni, jioni, taa kubwa zikiwa zimewashwa. Nikipata mwendo inazima. Nikalipeleka gereji moja ambayo siitaji. Fundi hakuuliza taa inawaka wakati gani. Alichukua spana namba kumi, akalegeza nati ya tamino, akainyofoa gari likiwa silensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta. Taa zote za dashibodi zikawaka, injini ikatetemeka, ikazima. Akafuta mikono kwenye ovaroli: "Bosi, hapa altaneta hamna. Katafute nyingine."

Kipimo gani hicho? Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiiondoa ghafla wakati altaneta inazalisha, volti zinaruka kwa sehemu ndogo ya sekunde na zinaweza kupita 40, kwa altaneta isiyo na kinga hata 100. Mshtuko huo unaingia kwenye dayodi za altaneta, regulata (kidhibiti cha volti), redio na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Na hata ukiacha huo uharibifu, jibu lenyewe si la kuaminika. Altaneta nzima inaweza kuliacha gari lizime ukivua betri, na altaneta mbovu ya kuzalisha kidogo inaweza kulibeba gari likaendelea kunguruma. Kwa hiyo unapotoa hukumu hapo unabahatisha kwa hela ya mwenzako. Redio yangu haijawaka tena tangu siku ile, na jibu nililopewa ni "hizi redio za Kijapani ndivyo zilivyo, bosi."

Nikanunua altaneta ya mtumba pale mtaa wa Gerezani, laki moja na themanini. Kuifunga nako yaleyale. Ule waya mnene wa nyuma ya altaneta unatoka moja kwa moja kwenye betri, una umeme hata funguo ikiwa mfukoni mwako. Kitu cha kwanza ni kufungua tamino ya hasi, hapo gari likiwa limezimwa. Fundi yuleyule akaingiza spana hivyohivyo, ikagusa bodi, cheche zikaruka, spana ikabaki na doa jeusi la kuungua. Akacheka.

Halafu akarudisha mkanda uleule wa zamani.

Nilipoingia barabarani, taa ya betri ikapepesa vilevile. Ndipo nikatafuta fundi umeme mwenye mita, mzee mmoja mtaratibu. Akapima betri gari likiwa limezimwa, kisha likiwa silensa bila kuwasha kitu: volti 14.2, safi kabisa. Akawasha AC, taa kubwa, feni na waipa kwa pamoja. Mkanda ukalia, mita ikashuka mpaka 12.3. Akaniita nitazame kwa tochi: mbavu za mkanda zimeng'aa kama kioo, zina nyufa, na ukiubonyeza kwa kidole unazama. Tatizo lilikuwa mkanda kuteleza altaneta inapobebeshwa mzigo! Tukafunga mkanda mpya, tukaukaza, tukawasha vyote tena. 13.9. Mkanda ule shilingi elfu ishirini na tano.

Sasa nauliza, altaneta yangu ya mwanzo ilikuwa na kosa gani? Nikarudi gereji ile ya kwanza kuidai. "Nilishaitupa." Nani anatupa altaneta mjini hapa, yenye kopa ndani na maganda yanayouzika? Nendeni mkaangalie zile rafu za mtumba, altaneta zimepulizwa rangi ya silva juu ya grisi, huwezi kujua ipi imetoka Japani na ipi imetoka kwenye gari la jirani yako. Hakuna anayekuwekea kwenye mashine ya kupimia. Ukiomba risiti ya EFD sura zinabadilika, na ukutani pameandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Ukirudi kulalamika, unaambiwa fundi wako ndiye kaiunguza.

Najua watakuja watu humu kusema mafundi wana maisha magumu, tuwaonee huruma. Dereva wa IST ya hesabu naye ana maisha magumu. Gari likilala gereji, bosi wake anataka hesabu yake vilevile. Mita ya kawaida haizidi hela ya lita chache za mafuta. Anayeishi kwa kutengeneza magari na hana mita, anafanyia majaribio kwenye mali zetu.

Kwa wenye magari: betri iliyojaa ikiwa imepumzika inasoma kama 12.6. Gari likiwaka, 13.5 mpaka 14.5. Ikipita 15, regulata ina shida na betri itachemka. Ikikaa chini ya 13 hata bila mzigo, anza na mkanda, tamino zenye ukungu na fyuzi, ndipo uje kwenye altaneta. Na hata ikiwa ni altaneta kweli, mara nyingi ni kaboni (vile vijiti vinavyosugua ndani yake) zimeisha au beringi inavuma, vitu vinavyobadilishwa bila kununua nzima. Pia wakatazeni vijana wa kuosha magari kupiga maji ya presha kwenye injini, yanaingia kwenye kaboni na beringi. Mliopita kwenye maji ya Jangwani kipindi cha masika, ikaguliwe hata kama taa haijawaka.

Nikibadilishiwa kifaa, cha zamani nakabidhiwa mkononi kabla sijalipa. Ni mali yangu.

Wakuu, wekeni hapa maeneo yenye mafundi umeme wanaopima kwa mita: Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Tegeta, Kigamboni, popote. Na aliyewahi kuunguziwa kontroli boksi kwa mtindo huu wa kuvua tamino, aseme gari gani na alitozwa shilingi ngapi.