Saa 1,000 kwa msimamizi wa nyumba ya wazee Marekani: aliyekuwa muuguzi mkuu azirudie za nini?

Mleta mada: Wakuu, wauguzi wetu wengi walioko Marekani wanataka kutoka wodini waingie kwenye kiti cha msimamizi wa nyumba ya wazee yenye huduma ya uuguzi. Tangu Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani irekebishwe mwaka 1967, msimamizi lazima awe na leseni ya jimbo lake. Idadi ya saa za mafunzo ya kazini sheria hiyo haikutaja, kila jimbo linapanga lake. Texas na California wanadai 1,000, yaani wiki 25 za saa 40, halafu mtihani wa taifa wa NAB (chama cha bodi zinazotoa leseni hizo). Msimamo wangu: aliyeongoza wauguzi miaka mingi apewe mtihani tu. Nani ataacha mshahara nusu mwaka na ana watu wa kuwalisha?

Mkwezi: Napinga. Mtihani huo una sehemu mbili: ya msingi, maswali 100 yanayohesabiwa, na ya nyumba za wazee zenye uuguzi, maswali 50. Yote ni ya kuchagua jibu. (Alama ya kupita ni 113. Msishtuke, ni alama iliyogeuzwa kwenye kipimo maalumu, si asilimia wala idadi ya majibu sahihi.) Sasa wakaguzi wa serikali wakishamaliza, fomu 2567 (orodha ya makosa waliyoyakuta) inakuja na una siku 10 za kalenda, Jumapili ikiwemo, kurudisha mpango wa marekebisho. Tuseme kidonda cha mgandamizo (cha kulala muda mrefu bila kugeuzwa) cha mkaaji mmoja hakikupimwa wiki mbili. Mgeni wa kazi ataandika "wafanyakazi watafundishwa upya", na mpango utakataliwa. Wanataka ueleze huyo mkaaji amefanyiwa nini, wengine walio hatarini umewapataje, utaratibu gani umebadilika, nani atakagua na kila baada ya muda gani, na lini yote yatakuwa yamekamilika. Hilo hulijui kwa kuweka alama kwenye A au C.

Daftari la Zamu: Mkuu, umejifunga mwenyewe. Mpango wa kidonda kwa kawaida huandaliwa na nani kama si muuguzi mkuu? Anajua pia kwamba tuhuma ya unyanyasaji inaripotiwa ndani ya saa 2. Wa kumwekea saa 1,000 ni yule wa shahada ya biashara ambaye hajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani.

Mkwezi: Kidonda nakupa. Jenereta je? Inajaribiwa kila mwezi ikiwa na mzigo, dakika 30, na inaandikwa. Zoezi la moto ni kila zamu kila robo mwaka, kwa zamu tatu jumla 12 kwa mwaka. Zamu ya usiku ndiyo huponza watu: wanafanya yote manne saa kumi na moja alfajiri, kabla tu ya kupokezana, na mkaguzi akiona muda ule ule kwenye daftari anaandika kosa. Kati ya saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi unaruhusiwa kutumia tangazo la siri badala ya king'ora, kwa hiyo kisingizio cha kuwaamsha wazee hakipo. Muuguzi mkuu hupitia daftari la jenereta mara ngapi?

Mleta mada: Hapo umenibana. Basi nabadilisha: zisifutwe, zigawanywe. Za uuguzi asirudie; abaki na za jengo, fedha na ajira. Kumbukumbu za saa za wafanyakazi zinatumwa serikalini ndani ya siku 45 baada ya robo mwaka kuisha. Akae na mhasibu robo nzima, aone namba zinavyokataa kuoana na za malipo ya mishahara.

Daftari la Zamu: Naunga mkono, ila bado mnajadili idadi tu. Anayethibitisha saa hizo ni msimamizi mwenye leseni anayemlea mwanafunzi. Akimgeuza kuwa mtu wa kuziba pengo la zamu, karatasi itasoma "fedha, saa 120" na mwanafunzi hajaiona bajeti hata siku moja. Mwambieni mwanafunzi adai ratiba ya kila idara kabla ya kuanza, na saini kila wiki, si siku ya mwisho.