Kombi ya 1976: redio mpya inajizima yenyewe, na sitaki kukata milango

BintiWaMbagala:
Habari za jioni wadau. Nina Kombi ya 1976, ile yenye kitanda nyuma na kabati dogo la jiko, aliyotuachia marehemu baba. Ilikaa chini ya mwembe miaka mingi, mwaka jana nikaifufua, sasa inatembea.

Ilikuja na spika moja tu, ndani ya dashibodi. Ndiyo tuliyosikilizia RTD, Radio Tanzania ya enzi zile, tukiwa wadogo, baba akisafiri nasi Morogoro. Sasa nimenunua Kariakoo redio yenye Bluetooth na spika mbili za inchi sita na nusu. Fundi wa mtaani akaziunga kwa majaribio: ule waya mmoja wa zamani wa dashibodi akaugawa kwenda spika zote mbili, na hasi ya kila spika akaifunga kwa skrubu kwenye bodi, yaani bati la gari.

Sauti ikiwa chini inapiga. Nikipandisha hadi nusu, inakata, inakaa kidogo, inarudi. Mgongo wa redio unachoma, huwezi kuushika. Fundi anasema spika ni feki, lakini nimezijaribu moja moja kwenye redio ya nyumbani, zinalia vizuri kabisa. Halafu anataka akate milango azifunge huko. Hii milango haijawahi kuguswa. Naombeni ushauri kabla sijamruhusu.

FundiSpika:
Pole dada. Spika zako nzima. Izime hiyo redio leo, usiiwashe tena mpaka ubadilishe waya.

Redio za zamani zilipeleka waya mmoja kwenye spika, na umeme ukarudi kupitia bodi. Redio ya sasa haiko hivyo. Waya zote mbili za spika zinatoka kwenye amplifaya ya ndani, hata ile tunayoiita hasi. Ukiigusisha na bodi umepiga shoti. Inajizima kwa kujilinda, na siku moja haitawaka tena. Kibaya zaidi, spika mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye waya mmoja zinakuwa omu 2. Omu zikipungua mzigo unazidi, na huo redio nyingi za gari haziubebi.

Vuta waya mpya, mbili kwa kila spika, kutoka nyuma ya redio hadi kwenye spika yenyewe. Usiunganishe hasi ya kushoto na ya kulia. Kabla ya kuchomeka redio, chukua mita ya kupimia umeme (multimeter), iweke kwenye kipimo cha omu: kati ya waya mbili za spika utasoma 3 na kitu, na kati ya waya yoyote ya spika na bodi usisome chochote. Ikisoma, kuna mahali waya imechubuka.

Na yale maandishi ya wati 50 mara nne yanayobandikwa kwenye redio yasikutie hamu. Tazama fyuzi iliyo nyuma ya redio. Kama ni ampia 10, kwa volti 12 hiyo ni wati 120 za kuvuta kwa jumla. Hizo 200 zitatoka wapi?

MzeeWaKigamboni:
Binti yangu, milango iache. Mimi nilikata ya kwangu na ninajuta hadi leo. Mvua ikinyesha, maji yanapita pembeni mwa kioo, yanashuka ndani ya mlango. Masika moja tu, spika zangu za karatasi zililegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Na ukishusha kioo kinaweza kugonga sumaku ya spika.

Nenda kwa maseremala wa Keko na vipimo vyako, wakutengenezee maboksi mawili ya plaiwudi yakae pembeni mwa miguu, moja kwa dereva, moja kwa abiria. Usikubali MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, unyevu wa huku pwani unaivimbisha. Nyuma usihangaike, injini iko huko huko, itaimeza sauti yote mkiwa njiani.

Na kama mtalala ufukweni redio ikiimba, funga betri ya pili. Betri ya kuwashia gari ikishuka chini ya volti 12, asubuhi mtasukuma kwenye mchanga.

BarabaraNdefu:
Naongeza moja. Mzee, kilichoharibika kwako ni karatasi. Spika za plastiki zikiwekewa kifuniko juu zinavumilia mlangoni. Ila kwa gari lenye milango ya asili, hata mimi nisingekata.

BintiWaMbagala:
Shikamoo mzee. Nashukuru sana, nawe fundi. Maboksi ya Keko yameingia bila kutoboa bati, waya zote mpya. Mwanzoni besi ilikuwa nyembamba, kama redio ya mkulima. Nikachukua betri ya tochi ya volti 1.5, nikagusisha chanya kwa chanya kwenye kila spika: ya kushoto ikasukuma nje, ya kulia ikajivuta ndani. Alama za ile ya kulia zilibandikwa kinyume kiwandani, ndiyo maana spika zilikuwa zinauana besi. Nikageuza waya za kulia, besi ikajaa gari zima.

Jumapili tumevuka na pantoni hadi Kigamboni, mama amekaa mbele. Saa nzima sauti ikiwa juu ya nusu, haijakata hata mara moja, na mgongo wa redio ni vuguvugu tu. Ile spika ya dashibodi mama amekataa isitolewe, ipo pale pale.

MzeeWaKigamboni:
Marahaba binti. Mkija tena mpitie nyumbani, nami nimeamua kuziba matundu ya milango yangu. Nitaomba unitumie vipimo vya hayo maboksi.